Akili Haipimwi kwa Debe

Katika sherehe ya kuwatunza wanafunzi iliyofanywa katika shule moja iliyo nje kidogo ya mji wa Nakuru, wazazi wakiwa wameketi chini ya hema na watoto wamejipanga juani, mgeni wa heshima alisimama, akamwekea mkono kichwani kijana aliyeongoza darasa, akasema ya kwamba Mwenyezi Mungu amemjalia huyu seli nyingi za ubongo kuliko wenzake. Kisha akaugeukia mstari wa nyuma, walikosimama wale walioanguka mtihani, akawaliwaza kwa kuwaambia kwamba kila mja ana fungu lake, na asiyejaliwa seli za kusoma bila shaka amejaliwa mikono ya kulima. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa katika mstari ule wa nyuma, nikamwona ameinama, anakunja na kukunjua pindo la leso yake, kama mtu aliyesomewa hukumu isiyo na rufani. Tulipotoka akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mzee, kwani hizo seli haziwezi kuongezwa?”

Nilimjibu maneno machache, nayo hayakunitosheleza wala sidhani yalimtosheleza yeye. Makala haya ndiyo jawabu nililopaswa kumpa.

Simlaumu mgeni yule peke yake, maana aliyoyasema ni itikadi iliyokwisha kuota mizizi katika bonde letu lote, kutoka Naivasha hadi Molo, na husikika kwa walimu, kwa wazazi, na hata kwa wahubiri, ambao aghalabu huongeza ya kwao kwamba binadamu hutumia sehemu moja tu ya kumi ya ubongo wake, neno lisilo na msingi wowote, kwani ubongo wote hufanya kazi, usiku na mchana. Itikadi yenyewe ina nguzo tatu: kwamba fahamu zote zimo katika aina moja ya seli, yaani seli za neva, ambazo wataalamu huziita nyuroni, kwamba seli nyingine zilizomo ubongoni ni kijazio tu, mfano wa makapi yanayozuia vyombo visivunjike safarini, na kwamba wingi wa nyuroni, ambao mtu huzaliwa nao, ndio kipimo cha akili yake. Mimi nadai ya kwamba nguzo hizi zote tatu ni mbovu, na tena kwamba baadhi ya mbao zake zilikatwa hapa hapa Kenya, na watu ambao hawakututakia heri.

Na tuanze na nyuroni yenyewe, tuipe haki yake, maana si nia yangu kuidunisha. Mtazame mchoma mahindi aliyeketi kando ya barabara kuu iendayo Nairobi, akiyageuza mahindi juu ya makaa kwa ncha za vidole. Kidole kikigusa kaa, nyuroni za hisi, ambazo nyuzi zake zimetandaa chini ya ngozi, hupeleka habari hadi uti wa mgongo. Humo nyuroni za kati huipokea na kuikabidhi kwa nyuroni za mwendo, nazo huuamuru msuli wa mkono ujikunje, na mkono hurudi kabla mwenyewe hajajua kwamba ameungua. Ubongo huletewa taarifa baadaye, jambo limekwisha kukatwa. Hizo ndizo aina tatu kubwa za nyuroni kwa kazi zake, na kila moja ina kiwiliwili, matawi ya kupokea habari, na uzi mmoja wa kuipeleka mbali uitwao aksoni, ambao kwa nyuroni iteremkayo kutoka kiunoni hadi unyayoni hufikia urefu wa mita nzima.

Lakini mwulize mchoma mahindi huyo alihisi nini, naye atakueleza jambo ambalo mgeni wetu hawezi kulifafanua kwa nyuroni tupu. Atasema kwamba maumivu yalimjia mara mbili: kwanza mchomo mkali kama wa sindano, halafu, baada ya kitambo kidogo, moto mzito uliotanda kidoleni chote. Chanzo kilikuwa kimoja na kidole kilikuwa kimoja. Walakini maumivu ya kwanza yalipita katika aksoni zilizoviringwa utando wa mafuta uitwao mielini, na yale ya pili yalipita katika aksoni zisizo na utando huo. Neva nene kabisa zenye mielini huweza kupeleka habari kwa kasi ipitayo mita 100 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara nne ya matatu iendayo kilomita 80 kwa saa, ilhali zile zilizo tupu hazizidi mita 2, mwendo wa mtu atembeaye kwa haraka. Na mielini hiyo haitengenezwi na nyuroni. Hutengenezwa na seli za Schwann katika viungo vya mwili, na katika ubongo na uti wa mgongo hutengenezwa na seli ziitwazo oligodendrositi, ambazo kila moja hunyoosha mikono yake na kuviringa aksoni nyingi kwa pamoja.

Seli hizi na ndugu zake ndizo zilizoitwa gundi. Mwaka 1856 mganga Mjerumani, Rudolf Virchow, alipoona dutu laini iliyozizunguka nyuroni aliifananisha na kitu cha kugandishia, akaipa jina la glia, ambalo kwa Kiyunani maana yake ni gundi, na jina hilo likawa kama kifungo, kwa sababu watu walipokwisha kukiita kitu gundi hawakuona haja ya kukiuliza kinafanya nini. Ilipita zaidi ya miaka sitini ndipo Mhispania Pío del Río-Hortega, kwa rangi zake za fedha, alipozibainisha mwaka 1919 na mwaka 1921 seli za mikroglia na oligodendrositi kuwa ni jamaa mbalimbali wenye maumbo yao. Hata leo mtoto wa shule hapa kwetu huchora nyuroni daftarini, akaitia majina vizuri, naye asijue kwamba amechora mwimbaji akaliacha kundi zima la taarabu.

Kama glia ni gundi, basi ukoma ni kitu gani? Vijidudu vya ukoma, ambavyo Hansen wa Norwei alivigundua mwaka 1873, hupenda kuingia katika seli za Schwann kuliko karibu mahali pengine popote mwilini. Huzivamia seli hizo, mielini ikaharibika, neva zikavimba na kunyauka, na mwisho wake mkono ukawa mkono wa mtu aliye hai usiojua moto wala kisu. Wazee wetu waliona vidole vya mkoma vikipotea wakadhani ugonjwa unavila. Kumbe aghalabu vilipotea kwa majeraha na kuungua ambako mwenyewe hakukuhisi, maana mlinzi aliyemwokoa mchoma mahindi kwake alikuwa amekwisha kunyamazishwa. Wagonjwa waliopelekwa hospitali ya Alupe, kule Busia, walilipa kwa vidole vyao thamani ya seli ambayo vitabu vya siku hizo viliihesabu kuwa kijazio.

Wala si hiyo peke yake. Astrositi, seli yenye umbo la nyota, huushika mshipa wa damu kwa mkono mmoja na kuzizingira sinapsi, yaani maungano ya nyuroni na nyuroni, kwa mikono mingine, ikawa inapitisha chakula, inafagia chumvi ya potasiamu na kemikali zilizomwagwa na nyuroni zikiongea, ili neno lililokwisha kusemwa lisiendelee kupiga kelele. Na kazi hiyo ya ufagizi ikiharibika, nyuroni zaweza kulipuka kwa pamoja, hali ambayo ni karibu sana na asili ya kifafa. Yakadiriwa kwamba astrositi moja ya ubongo wa binadamu huweza kuzizingira sinapsi zipatazo milioni mbili. Mwaka 2013 wataalamu wa Rochester, katika jimbo la New York, walipandikiza katika ubongo wa vipanya seli za binadamu zinazozaa glia, bila kuongeza nyuroni hata moja, na vipanya hao wakajifunza upesi kuliko wenzao. Gundi gani hiyo inayomfanya panya ashike somo?

Mikroglia nazo ni askari na ni wapogoaji: hula vijidudu na maiti za seli, na katika utoto hukata sinapsi zisizotumika, kama mkulima wa Solai apogoavyo mibuni yake ili nguvu iende kwenye matawi yatakayozaa. Seli za ependima zimezitanda kuta za vyumba vya ubongo, zikiyasukuma maji yake kwa vinyweleo. Nazitaja kwa kupita tu, maana hoja imekwisha kuonekana: huu ni mji wenye mafundi wa kila namna, wala si ghala la tofali za aina moja.

Sasa hesabu, kwa kuwa mgeni wetu alipenda hesabu. Kwa miaka mingi vitabu vilisema kwamba glia ni mara kumi ya nyuroni, na hilo nalo lilikuwa neno la kunakiliwa tu, kitabu hiki kutoka kitabu kile. Mwaka 2009 Frederico Azevedo, Suzana Herculano-Houzel na wenzao wa Brazili walitumia njia ya kuuyeyusha ubongo mpaka ukawa rojo, wakahesabu viini vyake, wakapata nyuroni bilioni 86 hivi na seli nyingine bilioni 85 hivi, yaani karibu nusu kwa nusu. Na katika hizo nyuroni bilioni 86, zile zilizomo katika gamba kubwa la ubongo, mahali pa fikra na lugha, ni kama bilioni 16 tu. Zilizo nyingi zimejazana katika ubongo mdogo wa kisogoni, ambao shughuli yake kubwa ni kusawazisha mwendo.

Mwaka 2014 njia hiyo hiyo ilitumiwa kwa ndovu wa Afrika, naye akaonekana ana nyuroni bilioni 257, mara tatu ya zile za binadamu. Nyingi kabisa zimo katika ule ubongo mdogo, na gamba lake kubwa lina bilioni 5.6 tu. Anayetaka kutetea hesabu atasema hapo, na kwa insafu nakubali, kwamba basi cha kuhesabiwa ni gamba, na kwamba kati ya mnyama na mnyama hesabu ya gamba haikosi maana. Vema, lakini mgeni wetu hakumlinganisha mtoto na ndovu, alimlinganisha mtoto na mtoto mwenzake, na kati ya watu wazima wa afya ukubwa wa ubongo una uhusiano hafifu tu na werevu, usiotosha kumhukumia mwana wa mtu hadharani. Tena mtetezi huyo na ashuke kutoka kwa ndovu aende kwa nyuki. Waogiek wa msitu wa Mau, ambao asali ni chakula chao, mahari yao na dawa yao, wanamjua nyuki kuliko sisi sote, naye ana nyuroni zisizofika hata milioni moja. Kwa hizo hukumbuka njia ya kilomita kadhaa, hupambanua rangi na harufu, na hurudi mzingani kuwachezea wenzake ngoma inayowaonyesha upande na umbali wa maua.

Na nyuroni ya nyuki, ukiitazama moja moja, si duni kuliko yangu. Nakuru ni mji wa pareto, na kila aliyeishi karibu na mashamba ya Molo ameona nzi aliyeguswa na maji ya maua yale akianguka chali, miguu ikitetema. Sumu ya pareto hushika vijilango vya aksoni vinavyoingiza chumvi ya sodiamu, ikavizuia visifungike, neva ikawa inapiga bila kukoma mpaka mdudu analegea. Vijilango hivyo tunavyo sisi pia, kwa ubuni ule ule, ila vyetu havishikiki kwa wepesi namna hiyo na miili yetu huivunja sumu upesi. Basi tofali moja moja ya nzi, ya nyuki na ya mtu ni za udongo mmoja. Tofauti imo katika jinsi zilivyounganishwa na waliozihudumia.

Sasa nije kwenye nasaba ya itikadi hii, ambayo ndiyo iliyonitia uchungu siku ile zaidi ya ujinga wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwako Nairobi mtaalamu wa maabara ya serikali ya kikoloni aliyeitwa F. W. Vint, ambaye alichukua ubongo wa maiti za Waafrika, akapima uzito wake, unene wa gamba lake na seli za sehemu yake ya mbele, akatangaza mwaka 1932, na tena mwaka 1934 katika jarida la anatomia la Uingereza, kwamba ubongo wa mwenyeji wa Kenya ni pungufu kuliko wa Mzungu. Daktari H. L. Gordon wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari aliyachukua maneno hayo kuwa burhani, akashiriki mwaka 1933 katika kuunda chama cha kuchunguza uboreshaji wa nasaba za watu, akaenda London kuomba serikali igharimie uchunguzi zaidi, na shabaha ya mazungumzo hayo haikufichika: kama mtoto wa Kiafrika seli zake hazitoshi, basi kumjengea shule ni kutupa fedha. London haikutoa fedha hizo. Lakini neno lilikuwa limekwisha kupandwa.

Likachipuka tena. J. C. Carothers, aliyeisimamia Mathari kuanzia mwaka 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, ambamo aliukumbusha ulimwengu vipimo vya Vint, akamfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Na mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilimpa kazi ya kueleza saikolojia ya Mau Mau. Hapa ndipo Nakuru inapoingia. Watu wa Olenguruone, katika kaunti hii hii, walikuwa wamekula kiapo cha umoja kwa ajili ya ardhi, na kufikia mwaka 1950 wamekwisha kufukuzwa katika mashamba yao. Na mwishoni mwa mwaka 1952 maelfu ya Wakikuyu walioishi kama maskwota katika mashamba ya walowezi wa Bonde la Ufa walianza kusombwa na kurudishwa kwa nguvu Mkoa wa Kati. Madai yao yalikuwa ya ardhi, yaliyo wazi kama mchana, na jawabu waliloletewa likawa ni maelezo ya kasoro za akili zao.

Vipimo vya Vint havikuwa na uzito. Mwaka 1970 Phillip Tobias wa Afrika Kusini alizipanga sababu zinazoubadili uzito wa ubongo wa maiti: umri, ukubwa wa mwili, lishe ya utotoni, ugonjwa uliomwua mtu, saa zilizopita tangu kufa kwake, dawa ya kuhifadhia, hata namna ya kukata na mahali pa kukatia, akaonyesha kwamba waliolinganisha mataifa ya watu hawakuzisawazisha sababu hizo. Maskini aliyekufa wodini kwa njaa na maradhi aliwekwa katika mizani moja na Mzungu aliyeshiba maisha yake yote, na tofauti ikaitwa nasaba. Vint na Gordon wamekwisha kwenda zao, lakini tunaposimama mbele ya watoto wetu na kuwagawia seli, huyu nyingi na huyu chache, tunaifanya kazi yao kwa ulimi wetu wenyewe, tena bila ujira.

Imebaki nguzo ya tatu, ya fungu la kuzaliwa. Ni kweli kwamba nyuroni zilizo nyingi tunazipata kabla ya kuzaliwa, na nyingi zikifa hazirudi, sikatai. Walakini mielini huendelea kuviringwa miaka mingi baada ya kuzaliwa, na katika sehemu ya mbele ya ubongo kazi hiyo haikomi hadi mtu amepita umri wa miaka ishirini, yaani baada ya mitihani yote ya shule kwisha. Mwaka 2014 watafiti wa London waliwazuia vipanya wasiweze kutengeneza oligodendrositi mpya, wakawapa gurudumu la kukimbilia ambalo vipago vyake havikupangwa sawasawa. Waliozuiliwa wakashindwa kulizoea vizuri, na wenzao wakalizoea. Nyuroni za makundi yote mawili hazikuguswa. Kujifunza, basi, ni kazi inayowataka mafundi wapya kila siku, na mafundi hao hutaka posho: oligodendrositi ni miongoni mwa seli zenye uchu mkubwa wa madini ya chuma, na mtoto mwenye upungufu wa damu mielini yake hucheleweshwa. Kadhalika madini ya iodini, ambayo ukosefu wake ulizitia rovu shingo za watu wengi wa nyanda za juu kabla chumvi haijaanza kutiwa iodini, huhitajika ili nyuroni za mimba zifike mahali pake na mielini ijengwe. Mama akiikosa, mtoto huathirika tumboni.

Kwa hivyo, mama, jawabu langu ni hili. Nyuroni za mwanao ni nyingi mno kupita haja ya mtihani wowote. Seli zinazozihudumia zingali zinajengwa, na zitaendelea kujengwa miaka kumi na zaidi toka leo, kwa maharagwe, mboga za majani, dagaa na chumvi yenye iodini, kwa usingizi wa kutosha, na kwa mwalimu atakayelirudia somo mara ya tatu bila kukasirika. Naye yule mgeni wa heshima, ambaye najua alisema kwa nia njema, namsihi akialikwa tena asiwaambie watoto habari za seli zao, bali kabla hajatoa zawadi ya kwanza auulize ule mstari wa nyuma ni wangapi waliofika shuleni asubuhi hiyo wamekula.